Hisabati ya Mtihani wa GRE: Somo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha Darasa la Tatu aweza kuuliza: mtihani wa kuombea nafasi ya masomo ya uzamili huko Marekani wamhusu nini? Twamjibu kwamba wamhusu kwa njia mbili. Kwanza, wako walimu wanaojiendeleza hata wakapata shahada, nao wakiomba nafasi katika baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani hutakiwa kuonyesha matokeo ya mtihani huo. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, sehemu kubwa ya hisabati inayopimwa humo msingi wake hujengwa katika shule ya msingi. Mtu mzima mwenye shahada akikwama mbele ya swali la asilimia, aghalabu mzizi wa kukwama kwake uko katika darasa alilokaa akiwa mtoto wa miaka 10. Katika somo hili tutaeleza jinsi ya kujiandaa kwa mtihani huo, kisha tutaonyesha mwalimu apaswa kujifunza nini kutokana nao.

1. Mtihani wenyewe

GRE ulianza mwaka 1936, na sasa huendeshwa na shirika la Educational Testing Service, lililoundwa mwaka 1947. Mwezi Septemba 2023 mtihani ulifupishwa. Sehemu ya hisabati sasa ina mafungu mawili: la kwanza lina maswali 12 ya dakika 21, na la pili maswali 15 ya dakika 26. Kwa wastani, basi, kila swali lina dakika 1 na sekunde 45 hivi. Ugumu wa fungu la pili hutegemea jinsi mtahiniwa alivyolifanya la kwanza. Alama za sehemu hii huanzia 130 hadi 170. Mtahiniwa hupewa kikokotoo kwenye skrini ya kompyuta, na jibu lililokosewa halimpunguzii alama. Kwa hiyo si busara kuacha swali lolote bila jibu.

Mada zinazopimwa ni nne: hesabu za namba, aljebra, jometri na uchambuzi wa takwimu. Trigonometria na kalkulasi hazimo. Maswali nayo ni ya aina nne: kulinganisha thamani mbili, kuchagua jibu moja, kuchagua majibu yote yaliyo sahihi, na kuandika jibu mwenyewe.

2. Swali la kulinganisha

Aina hii ndiyo huwashangaza wengi. Mtahiniwa hupewa Thamani A na Thamani B, naye huchagua moja kati ya kauli nne: A ni kubwa zaidi, B ni kubwa zaidi, zote ni sawa, au maelezo yaliyotolewa hayatoshi kuamua. Tutazame mifano miwili.

Mfano wa kwanza. Bei ya kitambaa ilipandishwa kwa asilimia 20, kisha bei hiyo mpya ikapunguzwa kwa asilimia 20. Thamani A ni bei ya mwanzo. Thamani B ni bei ya mwisho. Wengi hukimbilia kusema kwamba ni sawa. Tuchukue bei ya mwanzo kuwa shilingi 10,000. Ikipanda yawa shilingi 12,000. Asilimia 20 ya 12,000 ni 2,400, kwa hiyo bei ya mwisho ni shilingi 9,600. Thamani A ni kubwa zaidi. Aliyekosea hakushindwa kuzidisha. Hakujiuliza asilimia 20 ni ya kitu gani.

Mfano wa pili. Namba x ni kubwa kuliko 0. Thamani A ni x mara x; Thamani B ni x. Tukijaribu 2, A ni 4 na B ni 2. Tukijaribu 1, zote ni sawa. Tukijaribu nusu, A ni robo, nayo ni ndogo kuliko nusu. Jibu ni kwamba maelezo hayatoshi kuamua. Mtahiniwa aliyejaribu namba nzima peke yake atakosa. Na kwa nini hakuikumbuka nusu? Yawezekana sana kwamba alipokuwa mdogo aliambiwa kuwa kuzidisha huongeza na kugawanya hupunguza, naye ameibeba kanuni hiyo miaka yote bila kuambiwa mpaka wake.

3. Njia ya kujiandaa

Mwenye nia ya kufanya mtihani huu na aulizie kwanza chuo anachokiomba, kwa kuwa si vyote vinavyoudai. Baada ya hapo afuate hatua hizi:

(a) Afanye jaribio zima kwa saa, kabla ya kusoma chochote. Watungaji wenyewe hutoa bure marudio ya hisabati na majaribio. Lengo la hatua hii ni kuujua udhaifu, wala si kupata alama nzuri.

(b) Awe na daftari la makosa. Kila kosa aliandikie sababu yake: hakuijua kanuni, hakulisoma swali vizuri, alikosea kukokotoa, au alikosa muda. Makosa haya manne hayana dawa moja. Asiyejua kanuni arudie mada. Asiyesoma vizuri hatasaidiwa na kukariri kanuni 20 zaidi.

(c) Akadirie kabla ya kukokotoa. Tuseme anatafuta asilimia 19.8 ya 5,100. Hiyo ni karibu na moja ya tano ya 5,000, yaani 1,000. Kikokotoo kikimwonyesha 10,098, atatambua mara moja kwamba desimali imekaa mahali pasipo pake, kwani jibu sahihi ni 1,009.8.

(d) Asiyaamini macho yake katika jometri. Michoro ya maumbo katika mtihani huu si lazima iwe imechorwa kwa vipimo halisi. Pembe inayoonekana kuwa mraba si mraba mpaka swali liseme hivyo au hoja ithibitishe.

(e) Ajifunze msamiati. Mtihani ni wa Kiingereza. Aliyefundishwa kwa Kiswahili kiasi na asili, namba tasa, shufwa na witiri, hana budi kuyajua majina ya Kiingereza ya mambo hayo hayo, asije akakosa swali analoliweza.

(f) Asing'ang'anie swali moja. Ndani ya fungu inaruhusiwa kuruka swali na kulirudia baadaye.

4. Mwalimu ajifunze nini?

Hatusemi kwamba watoto wetu wafundishwe kwa ajili ya mtihani wa Marekani. Tunasema kwamba mtihani huo hufichua mambo ambayo ufundishaji wa kukariri huyaficha.

Kwanza, mwalimu asitoe kanuni bila mpaka wake. Badala ya kusema kuzidisha huongeza, awape wanafunzi karatasi waikunje nusu, kisha nusu ya nusu, waone kwamba nusu mara nusu ni robo. Karatasi moja ya daftari yatosha kuwa zana.

Pili, mara kwa mara atoe fumbo lisilo na maelezo ya kutosha. Kwa mfano: Asha ana machungwa 5, Juma ana mengi kuliko Asha. Juma ana mangapi? Mwanafunzi aliyezoea kwamba kila fumbo lina jibu la namba moja atajumlisha au kuzidisha chochote akionacho. Mwalimu amfikishe mahali pa kusema: hatuwezi kujua, ila ni zaidi ya 5. Hilo nalo ni jibu, tena ni jibu la mtu anayefikiri.

Tatu, kabla ya kukokotoa ubaoni, darasa likadirie. Nne, kosa lisifutwe kwa haraka. Liachwe ubaoni na wanafunzi watafute lilikoingilia.

5. Zoezi

(i) Mstatili una mzingo wa sentimeta 20. Thamani A ni eneo lake. Thamani B ni sentimeta za mraba 25. Linganisha.
(ii) Wastani wa namba 5 ni 12. Namba moja ikiondolewa, wastani wa zilizobaki ni 10. Namba gani imeondolewa?
(iii) Gari lilikwenda kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, likarudi kwa kilomita 60 kwa saa. Wastani wa mwendo kwa safari nzima ni upi?

Majibu: (i) Maelezo hayatoshi: pande za 6 na 4 hutoa eneo la 24, bali pande za 5 na 5 hutoa 25, na mraba nao ni mstatili. (ii) 60 kutoa 40 ni 20. (iii) Kilomita 120 kwa saa 3, yaani kilomita 40 kwa saa, wala si 45.

Mwanachuo achague swali moja kati ya haya, alirahisishe lilingane na Darasa la Tano, kisha aandike andalio la somo la dakika 40. Katika andalio hilo aonyeshe kosa analotarajia wanafunzi walifanye, na swali atakalowauliza ili walione wenyewe.