Somo kwa Makatibu: "Ile Hela Tuma Namba Hii"

Ujumbe wa simu usemao "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…" hautaji deni wala kiasi, na hiyo ndiyo nguvu yake. Tapeli hajui nani anadaiwa. Hutuma kwa watu wengi, akitumaini kumpata mmoja aliyekuwa karibu kulipa. Katibu wa chama cha msingi, katika msimu wa malipo ya mazao, ndiye hasa mtu huyo.

Maneno "jina litakuja" yastahili kuangaliwa zaidi. Kabla ya malipo kuthibitishwa, simu huonyesha jina la mpokeaji. Tapeli hulitangaza mapema ili jina geni lisimshtue mlipaji. Kinga yenyewe hugeuzwa chambo.

Basi namba ya malipo isibadilishwe mpaka mdai apigiwe kwa namba iliyomo daftarini, hata akiwa na haraka. Nchini Tanzania ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa namba 15040. Fedha ikiwa imekwisha tumwa, kampuni ya simu ipigiwe papo hapo, kabla haijatolewa kwa wakala. Ikishatolewa, pengo hilo litasomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu.