Kidonda cha Kulalia Huanzia Ndani

Mgonjwa aliyepooza kwa kiharusi, mzee asiyeinuka kitandani na mtu anayetumia kiti cha magurudumu hukabiliwa na hatari moja: kupata kidonda makalioni, au juu kidogo ya makalio, mahali ambapo mfupa umekaribiana na ngozi. Hicho ndicho kidonda cha kulalia. Familia nyingi hukitambua kikiwa kimekwisha kuwa shimo, zikadhani kimezuka usiku mmoja.

Sivyo. Uzito wa mwili unapoikandamiza nyama kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo hubanwa na nyama hukosa damu. Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hawezi, na pengine hasikii hata maumivu. Mara nyingi nyama iliyo karibu na mfupa hufa kwanza, ngozi ikafuata. Ndiyo maana tundu dogo juu ya ngozi laweza kuwa mdomo wa shimo kubwa ndani, na ndiyo maana dawa ya kupaka haiponyi kidonda ambacho bado kinalaliwa.

Dalili ya mwanzo ni alama isiyopotea baada ya mgonjwa kugeuzwa. Aghalabu huelezwa kuwa ni wekundu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Atafutwe weusi uliokoza au rangi ya zambarau, na ngozi iguswe kwa kiganja: ikiwa ya moto, ngumu au tepetepe kuliko ya pembeni yake, madhara yameanza. Isisuguliwe wala kukandwa, maana nyama iliyodhoofika huumia zaidi.

Pana kikwazo kisichosemwa sana, nacho ni aibu. Mkwe huona haya kumtazama mama mkwe, kijana wa kiume humwonea soni mama yake mzazi, na mgonjwa mwenyewe hujifunika. Heshima hiyo ni njema, ila kidonda hakiijui. Familia ikubaliane mapema nani atakagua makalio ya mgonjwa kila siku wakati wa kumwogesha. Asipopatikana, aombwe mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Anayelala kitandani ageuzwe takriban kila saa 2: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia, akiwekewa mto mgongoni na mwingine kati ya magoti. Ainuliwe kwa shuka, asiburutwe. Aliye kwenye kiti ajiinue au aegemee upande mmoja kila baada ya dakika 15 hadi 30. Wapo wanaomkalisha mgonjwa juu ya kata ya nguo au pete ya mpira ili kidonda kisiguswe. Pete hiyo hubana damu kulizunguka jeraha na kulizidisha. Mkojo na choo visafishwe mara moja, ngozi ikaushwe taratibu.

Ngozi ikipasuka, mgonjwa aonwe zahanati. Nyumbani, mhudumu wake anawe mikono kwa sabuni, akioshe kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha akifunike kwa shashi safi. Spiriti, majivu na unga wa vidonge vya rangi mbili visitiwe kidondani. Mgonjwa ale mayai, dagaa, maharage au maziwa, kwa kuwa nyama mpya hujengwa na chakula. Mwenye kisukari asiache dawa zake.

Usaha, harufu mbaya, weusi unaoenea, mfupa kuonekana, homa au kuchanganyikiwa ni sababu ya kwenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, kwani vijidudu vikiingia katika damu huweza kuua. Mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama za matibabu. Familia yake imwone Mtendaji wa Kijiji au Afisa Ustawi wa Jamii mapema, kabla kidonda hakijafika huko.