Mashine ya juisi kwa mwenye kisukari: ninunue?

*Daktari, naishi Nyegezi, Mwanza. Mume wangu ana kisukari. Nataka kununua mashine ya kukamua juisi, maana nasikia inasafisha damu. Itamfaa? Mama J.*

Mama J., nia yako ni njema, lakini pesa hiyo ni bora ununulie matunda na mboga pale soko la Kirumba. Mashine hutenga maji ya tunda na makapi, na ndani ya makapi ndimo zilimo nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Glasi moja hutaka machungwa matatu hivi na hubeba zaidi ya gramu 20 za sukari. Kuyala yote kwa mkupuo ni kazi, kuyanywa ni dakika moja. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 huihesabu sukari ya juisi, hata isiyoongezwa kitu, sawa na ile ya kwenye chai. Utasema juisi ina vitamini C. Kweli, na chungwa zima linayo pia. Na kuhusu kusafisha damu, kazi hiyo ni ya ini na figo, si ya juisi. Mkitamani kinywaji, blenda inatosha: msichuje, msiongeze sukari, naye anywe nusu glasi pamoja na chakula. Juisi humfaa sukari ikishuka, akitetemeka na kutokwa jasho. Mpe nusu glasi mara moja, na asipopata nafuu upesi mkimbize hospitali. Kiu isiyoisha na kukojoa kila mara ni dalili za kumpeleka kliniki bila kungoja tarehe yake.