Seva Yasema Hili, Kivinjari Chasema Lile

Umebadilisha neno moja kwenye kitufe: "Tuma" limekuwa "Wasilisha". Umehifadhi faili, na kitufe kimebadilika palepale bila ukurasa kupakiwa upya. Safi kabisa. Lakini ukipakia ukurasa, "Tuma" la zamani linachungulia kufumba na kufumbua kabla "Wasilisha" halijachukua nafasi yake, na konsoli inajaa maandishi mekundu: ukurasa haulingani na HTML iliyotoka kwenye seva.

Ukurasa huo unachorwa mara mbili. Kwanza Node.js inauchora kwenye seva na kutuma HTML iliyokamilika, ili hata mwenye mtandao wa kusuasua aanze kusoma kabla JavaScript haijafika. Kisha React, Vue au Svelte inaupitia mchoro uleule ndani ya kivinjari na kuunganisha kila kitufe na kazi yake. Hatua hiyo ndiyo haidresheni. Katikati inaingia HMR, yaani usasishaji wa papo hapo, unaobadilisha moduli mojamoja kwenye kivinjari huku fomu uliyokuwa umeijaza ikibaki ilivyo. Seva na kivinjari ni mashahidi wawili wa tukio moja, na HMR ina tabia ya kumpa mmoja habari mpya na kumsahau mwenzake.

1. Anza kwa kujua ugonjwa ni upi

Kuna kosa linaloishi kwenye kompyuta yako tu, na kuna kosa litakalomfikia mtumiaji. Usianze kurekebisha chochote kabla hujayatenganisha. Zima seva, iwashe tena, kisha pakia ukurasa bila kugusa faili hata moja. Onyo likitoweka, seva ilikuwa imeshikilia moduli ya zamani: nenda kidokezo cha 2. Likibaki, msimbo wako wenyewe unatoa majibu mawili tofauti: ruka hadi cha 3.

Ukitaka kujua seva inasema nini hasa, usitazame kikaguzi cha kivinjari, maana kinakuonyesha ukurasa ambao JavaScript imeshaupitia. Andika `curl localhost:3000` kwenye terminali, kisha tafuta neno lako humo. Ukikuta "Tuma", umeshampata aliyebaki nyuma.

2. Hakikisha seva nayo inapata habari

Node husoma moduli mara moja na kuiweka kwenye kumbukumbu. Mtindo wa zamani wa `require` unakuruhusu kuifuta kupitia `require.cache`, mtindo wa `import` haukupi mlango huo. Kwa hiyo ukiandika seva yako mwenyewe, faili la komponenti linaweza kubadilika mara kumi na seva isijue.

Njia rahisi ni kuiwasha seva upya kila faili linapobadilika, kwa `nodemon` au kwa `node --watch`, iliyoanza kupatikana katika Node 18.11. Ila hapa pana mtego. Ikiwa Vite, zana inayokuletea HMR, inaendeshwa ndani ya mchakato uleule wa seva yako, kuiwasha seva upya kunaiua Vite pamoja nayo. Mawasiliano na kivinjari yanakatika, ukurasa mzima unapakiwa upya, na fomu yako inafutika. Iambie nodemon iangalie mafaili ya seva peke yake. Folda ya `src` iachie Vite.

Kwenye Vite, seva inapata msimbo mpya kupitia `vite.ssrLoadModule`. Angalia umeiita wapi. Ikiwa iko juu kabisa ya faili, itaitwa mara moja tu, na utakuwa unachora ukurasa wa asubuhi hadi jioni. Iweke ndani ya sehemu inayoshughulikia kila ombi. Vivyo hivyo `index.html`: isomwe upya kwa kila ombi na ipitishwe kwenye `transformIndexHtml`, kwa sababu humo ndimo Vite inamopachika skripti yake ya HMR. Wanaotumia React wakiruka hatua hii hukutana na lalamiko kwamba programu-jalizi ya React haioni "preamble" yake. Ujumbe huo unatisha, lakini dawa yake ni mstari mmoja.

3. Saa, lugha na bahati nasibu

Hapa ndipo penye makosa halisi, na ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Seva nyingi za kukodi hufuata saa za UTC. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, seva inaamini bado ni jana. Itachora tarehe ya jana, simu ya mtumiaji itachora ya leo, na haidresheni itagoma. Kwenye kompyuta yako hutaliona kosa hili kamwe, kwa sababu seva na kivinjari vinatazama saa moja ya ukutani. Liite makusudi: anzisha seva ya majaribio kwa `TZ=UTC npm run dev`, kisha rudisha saa ya kompyuta hadi saa nane usiku. Dawa ni kutaja ukanda wa saa waziwazi kwenye `Intl.DateTimeFormat`, kwa mfano `timeZone: 'Africa/Dar_es_Salaam'`, usiache kila upande ukisie.

Lugha nayo itajwe. `toLocaleString()` ikiachwa mikono mitupu hufuata mazingira inamoendeshwa. Bei ya shilingi 1250000 itatoka kwenye seva ikiwa 1,250,000, na kwenye kivinjari cha Kifaransa cha mtu wa Bujumbura au Lubumbashi itatoka kwa nafasi badala ya mikato. Macho yako yanaona bei ileile. React inaona maandishi mawili.

Kuhusu `Math.random()`: isitumike kutunga vitambulisho wakati wa kuchora. React 18, iliyotoka mwaka 2022, ilileta `useId` kwa kazi hiyo hiyo, na inatoa jibu moja pande zote mbili.

4. Usidanganyike na `typeof window`

Seva haina dirisha, haina skrini, haina `localStorage`. Ukigusa `window` humo, unapata "window is not defined". Wengi hukimbilia kuandika sharti: kama `window` ipo chora hiki, kama haipo chora kile. Seva inaacha kuanguka, kweli, lakini umetengeneza tofauti ileile ambayo haidresheni inaikataa. Mchoro wa kwanza lazima ufanane pande zote mbili. Kinachotegemea kivinjari kiingie baadaye, ndani ya `useEffect` ya React au `onMounted` ya Vue, ambazo seva haiziendeshi kabisa.

Baadhi ya maktaba hugusa `window` pale tu unapoziingiza. Leaflet, ile ya ramani, ni mfano maarufu. Ziingize kwa `import()` ndani ya `useEffect`; kwenye Next.js ipo `dynamic` yenye `ssr: false`.

Na hili ningependa kila anayeanza kazi hii alijue mapema: HMR huficha makosa ya aina hii. Unaweza kuandika msimbo tangu asubuhi huku kila badiliko likipenya kwenye kivinjari, ambako `window` ipo, na kila kitu kikaenda vizuri. Seva haijaulizwa kitu. Mchana mwenzako anafungua ukurasa kwa mara ya kwanza na kukutana na hitilafu ya 500. Basi kila unapomaliza kipande cha kazi, pakia ukurasa mzima upya, kwa mkono, hata kama unaonekana mzima.

5. HTML yenyewe iwe halali

Ukiweka `<div>` ndani ya `<p>`, au `<tr>` moja kwa moja ndani ya `<table>` bila `<tbody>`, kivinjari kinachosoma HTML ya seva kitaipanga upya bila kukuuliza. React haijui kuhusu marekebisho hayo. Komponenti ikibadilishwa na HMR inakuwa sawa. Ukurasa ukipakiwa upya, inalalamika.

Viendelezi vya kivinjari navyo huongeza vitu vyao kwenye ukurasa. Jaribu kwenye dirisha la faragha kabla hujamlaumu mtu.

6. Miunganisho inayorundikana

Seva ya Next.js ikisoma upya moduli yako wakati wa kazi, mstari unaofungua hifadhidata unaendeshwa tena, na ule muunganisho wa awali haujafungwa. PostgreSQL kwa kawaida hukubali miunganisho 100. Hifadhi faili mara kadhaa na utaambiwa "too many clients already", ujumbe ambao hauelekei kabisa kuhusiana na HMR. Tunza muunganisho kwenye `globalThis`, kwa sababu hiyo haibadilishwi moduli zinaposomwa upya: ukiukuta upo, utumie, usipoukuta, uufungue.

Upande wa kivinjari, `setInterval` iliyo nje ya komponenti huongezeka kila moduli inapobadilishwa. Izime ndani ya `import.meta.hot.dispose`.

7. Kivinjari kikibaki nyuma

Safari hii mambo yamegeuka: seva ina msimbo mpya, kivinjari hakina habari. HMR hupiga simu kupitia websoketi, na habari hukwama katika sehemu tatu za kawaida.

Nginx iliyokaa mbele ya seva inahitaji `proxy_http_version 1.1` pamoja na vichwa vya `Upgrade` na `Connection`. Bila hivyo ukurasa unafunguka vizuri lakini habari mpya hazipiti. Docker, na WSL2 inayosoma mafaili yaliyo upande wa Windows, mara nyingi hazipati taarifa kuwa faili limebadilika. Washa `usePolling` kwenye `server.watch` ya Vite, ukijua kwamba prosesa itafanya kazi zaidi. Na mwisho kuna sevisi woka iliyosahaulika. Mradi wa mwaka jana uliotumia `localhost:3000` unaweza kuwa uliacha yake humo, nayo inaendelea kugawa mafaili ya zamani kwa mradi wako wa leo. Ifute kwenye zana za kivinjari.

8. Mitindo

`style-loader` ya webpack inahitaji `document`, kwa hiyo isiwekwe kwenye ujenzi wa seva. Anayetumia styled-components na kuona majina ya klasi hayalingani, ahakikishe programu-jalizi yake imewekwa pande zote mbili kwa mipangilio ileile. Ukurasa wa Vite ukionekana uchi kwa nukta moja wakati wa kazi, usipoteze siku: CSS hapo huingizwa na JavaScript, na kwenye ujenzi wa mwisho huwa faili lake lenyewe.

9. Usilizibe onyo mdomo

React ina `suppressHydrationWarning`. Ina mahali pake: saa inayoonyesha dakika na sekunde haiwezi kulingana, na hapo ni halali. Hufanya kazi kwa ngazi moja tu ya elementi. Wanaoimwaga kila mahali ili konsoli itulie wanaficha maradhi, na anayelipa ni mtumiaji. Tangu React 18, haidresheni ikishindwa, React hutupa HTML ya seva hadi kwenye `Suspense` iliyo karibu na kuchora upya kila kitu kwenye kivinjari. Mtu mwenye simu ya kumbukumbu ndogo amenunua bando, amepakua HTML, kisha kazi yote inaanza upya mkononi mwake. Kwa ajili yake, onyo hilo lisomwe hadi mwisho. React 19 imelirahisisha: inaonyesha mstari wa seva na wa kivinjari, mmoja juu ya mwingine.

10. Jenga, kisha pima

Kabla ya kupeleka kazi, endesha `npm run build`, washa matokeo yake, na ufungue kila ukurasa moja kwa moja kwa anwani yake, bila kubofya viungo kutoka ukurasa wa mwanzo. Kiungo hakipitii njia ileile ya seva. Kwenye ujenzi huo HMR haipo, kwa hiyo lawama haina pa kujificha. Ujumbe wa kosa utakuwa mfupi, namba tu kama 418 au 425, ambazo React imezieleza kwenye tovuti yake. Na unapoita `hydrateRoot`, ipe kazi ya `onRecoverableError` inayotuma kosa kwenye kumbukumbu za seva yako, ili hitilafu ya saa nane usiku ikufikie hata kama umelala.