Mikono Nayo Isome

Likizo ndefu ya vyuo ikifika, ugomvi mdogo huingia katika nyumba nyingi. Kijana asomaye sayansi ya maabara aleta habari nyumbani: amekubaliwa kufanya kazi wiki sita katika maabara ya hospitali, lakini bila mshahara. Baba auliza, "Ada tumelipa, na sasa tumlishe tena akafanye kazi ya bure?" Hatumlaumu baba huyo, maana nauli na chakula haviokotwi njiani. Twamwomba tu atusikilize kidogo.

Tutwae mfano wa malaria, ugonjwa ambao kila nyumba yaujua. Kitabu chaweza kumweleza mwanafunzi kwa saa moja jinsi damu ipakwavyo kiooni, mahali pamoja kwa unene na mahali pengine kwa wembamba. Jinsi itiwavyo rangi ya Giemsa. Na jinsi itazamwavyo kwa darubini, kwa lenzi ya 100 na tone la mafuta. Kitabu chamwambia pia asiseme "Hakuna vimelea" kabla hajapitia sehemu zisizopungua 100 za ile damu nene. Lakini kioo kichafu au rangi iliyoharibika huacha chembe zifananazo na vimelea. Nani atalifunza jicho kuzipambanua? Ni wingi wa vioo, na mkubwa wa kazi asimamaye karibu na kusema, "Tazama tena." Jicho lisilofunzwa likikosea, mtoto mwenye homa hurudishwa nyumbani bila dawa. Basi kosa hilo si la karatasi ya mtihani.

Tena, jambo hili si geni. Marie Curie, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 na tena mwaka 1911, alikuwa binti wa nyumba isiyo na mali huko Warsaw. Kabla ya kwenda Paris kusoma mwaka 1891, alikuwa akijipatia riziki kwa kufundisha watoto wa watu. Lakini nafasi aliyoipata aliitumia katika maabara ndogo iliyosimamiwa na binamu yake, akijaribu kwa mikono yake yale aliyoyasoma vitabuni. Alipofika chuoni, mikono yake ilikwisha kuzoea vyombo.

Kwenu vijana twasema: msingoje mwaka wa mwisho. Mwandikieni mkuu wa maabara miezi kadhaa kabla ya likizo, mkiambatanisha barua ya chuo. Mwulizeni mwalimu wenu kama ana utafiti unaohitaji msaidizi. Pateni chanjo ya homa ya ini ya B kabla ya kugusa damu. Mkipewa kuosha vioo, kubandika majina kwenye chupa au kuandika daftari la sampuli, msinung'unike. Jina likibandikwa penye chupa isiyo yake, darubini iliyo bora haitaokoa kitu. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Na siri ya mgonjwa mwiache humo humo maabarani.

Nanyi wazazi, hesabuni wiki hizo sita kuwa sehemu ya ada. Ikiwa shamba lamngoja kijana, gaweni likizo: nusu kwa jembe, nusu kwa darubini. Siku moja damu itakayowekwa mbele yake huenda ikawa ya mjukuu wenu.