Gari Kuukuu la Dizeli Kupita Mbugani



Leo tunajifunza juu ya gari kuukuu la dizeli. Tutaona jinsi ya kulifufua ili lipite kwenye tope na maji. Somo hili limeombwa na wanachama wa kikundi kimoja cha wakulima wilayani Magu. Gari lao nililiona likifa maji, nami nikiwa ndani.

Kikundi hicho kiliuza dengu na pamba za misimu miwili, kikanunua Landrova 109 ya zamani. Wakaipeleka gereji. Ilirudi imepakwa rangi ya kijani. Ilikuwa imenyanyuliwa juu, ina matairi mapana na taa nne kwenye paa. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga makofi, kwa kuwa sikujua.

Mwezi wa Aprili, usiku, mama mmoja mjamzito alishikwa na uchungu. Nilikuwa pale kijijini kukagua madarasa ya kisomo, nikapanda nao. Tulipofika kwenye kijito, dereva aliingia bila kupima. Maji yalipanda juu ya bampa. Injini ililia "ko!" mara moja tu, ikazima. Zile taa nne zilitumulikia vizuri sana tukizama.

Sungusungu walipuliza filimbi, watu wakaja. Yule mama alibebwa mabegani mpaka ng'ambo, akapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alifika zahanati saa kumi na moja alfajiri. Alijifungua mtoto wa kike, na wote wawili ni wazima. Lakini ilikuwa bado kidogo tu. Gari nalo lilivutwa na jozi tatu za ng'ombe, likakaa chini ya mwembe hadi kiangazi.

KWA NINI INJINI ILIKUFA

Injini ya dizeli ilibuniwa na Mjerumani, Rudolf Diesel. Injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa mwaka 1897. Haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Pistoni hupanda na kuibana hewa ndani ya silinda. Hewa ikibanwa sana hupata joto kali. Ukishapampu baiskeli unajua: pampu hupata moto mkononi. Kisha nozeli hupuliza dizeli ndani ya hewa ile ya moto, nayo huwaka yenyewe.

Kwa hiyo gari la dizeli halisumbuliwi na plagi zilizolowa. Watu wengi husikia hivyo, wakadhani dizeli haiogopi maji. Inaogopa sana! Injini ile ilivuta maji kwa njia ya hewa. Fundi mmoja mzee wa Igoma, Mwanza, ndiye aliyeifungua. Akanionyesha konrodi, yaani mkono wa chuma unaoshika pistoni. Ulikuwa umepinda kama jembe bovu.

"Mwalimu," aliniambia, "hewa inabanwa, maji hayabanwi. Pistoni imepanda, imekuta maji, haina pa kwenda. Sasa nani apinde?"

Dawa yake ni bomba la hewa. Bomba hili hutoka kwenye chujio la hewa, hupita kando ya kioo cha mbele, hadi usawa wa paa. Yule mzee alilitengeneza kwa bomba la chuma na mipira ya rejeta. Kazi iko kwenye viungo. Kiungo kimoja kikivuja, bomba zima ni pambo. Alijaribu hivi: injini ikiwa inanguruma polepole, aliziba mdomo wa bomba kwa ubao. Injini ikazima. Akasema, "Haya, sasa hakuna mwingilio mwingine."

Na kama gari limeshazima majini, usipige stata hata mara moja. Livute nje. Fungua nozeli zote, ndipo uizungushe injini taratibu ili maji yaruke nje.

MAJI HUINGIA HATA KWENYE DIFU

Jambo hili wengi hawalijui. Difu hupata moto gari likitembea. Ukiingia kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani ya difu hupoa na kusinyaa. Inaposinyaa inavuta. Itavuta nini? Maji, kwa kupitia tundu dogo la kupumulia lililo juu ya ekseli. Kwa hiyo fungeni mpira mwembamba kwenye tundu hilo, uupandishe mpaka ndani ya boneti. Mpira huo ni bei ndogo. Difu si bei ndogo.

Baada ya kuvuka maji mengi, fungua oili ya difu na ya giaboksi uitazame. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imeingia maji. Imwage uweke mpya. Lakini usiimwage ziwani! Kinga kwa ndoo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Hata gari lenyewe lisioshewe pale tunapoteka maji ya kunywa.

ANZA NA MIFUPA

Landrova za aina hii, Series III, zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 mpaka 1985. Bodi yake ni ya aluminiamu. Gari la kwanza la jina hilo lilitoka mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu kule Uingereza baada ya vita. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Basi mnunuzi anatazama bodi, anaona safi, analipa. Lakini chasisi ni ya chuma, na yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu.

Lala chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Palipooza panalia bubu, pengine nyundo inazama. Chasisi ya kile kikundi ilikuwa na matundu mawili nyuma, yamezibwa kwa bati na kupakwa rangi. Yule mzee alikata sehemu yote iliyooza, akachomea bamba nene. Kazi hiyo ilikula nusu ya fedha zote, na kwa macho haionekani. Wanachama wengine walinung'unika. Mweka hazina aliwapeleka gereji, mmoja mmoja, wakalala chini na kugonga wenyewe. Manung'uniko yakaisha.

Baada ya chasisi ni breki, usukani, na rejeta. Ndipo injini. Rangi iwe ya mwisho, kama senti zimebaki.

Kule kunyanyua gari, mzee alikushusha. Gari refu hupinduka upesi, hasa likijaa watu. Pia propela hukaa mshazari, viungo vyake vikaisha haraka. Aliondoa na bamba za springi zilizoongezwa. Springi ngumu mno haziachi gurudumu lishuke kwenye shimo, gurudumu linaning'inia na kuzunguka bure.

TAIRI NA ARDHI YETU

Sisi wa Usukumani tunazijua ardhi zetu. Luseni ni mchanga, mbuga ni udongo mweusi unaonata. Tairi pana hufaa kwenye mchanga, kwani haizami. Lakini juu ya tope la mbuga tairi pana huelea na kuteleza. Tairi nyembamba yenye meno makubwa, saizi 7.50-16, hukata tope na kutafuta ardhi ngumu chini. Kikundi kilirudia hiyo. Kwenye mchanga wa ufukweni wanapunguza upepo hadi kama paundi 18, na wakifika barabara ngumu wanajaza tena. Ukisahau kujaza, tairi litapata moto na kupasuka.

Ndani ya gari kuna vishikio viwili vya kuangalia. Kitufe cha njano ukikibonyeza, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Mkono mwekundu ukiuvuta nyuma, gari likiwa limesimama, linaingia mwendo mzito wa nguvu. Usivitumie kwenye lami. Kwenye kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayatembei umbali sawa, lakini hapa yamefungwa pamoja. Kwenye tope tairi itateleza kidogo, mambo yakaenda. Kwenye lami haitelezi, basi shafti inakatika.

Wengine hutoa injini ya zamani na kuweka ya Toyota, kwani vipuri vinapatikana. Si vibaya. Ila namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, peleka taarifa TRA, na bima yako ijue pia.

Siku hizi njia kuu zetu ni nzuri. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na watu hawangoji tena kivuko pale. Taabu imebaki kwenye zile kilomita chache kati ya nyumba na lami. Kwa mama mjamzito mwenye dharura, piga 115, ni bure. Hiyo ni namba ya mpango wa m-mama, ulioenezwa nchini kuanzia 2022. Madereva wa vijijini ni sehemu ya mpango huo. Gari la kile kikundi sasa linavuka kijito kile kile, na kwanza dereva anashuka na fimbo kupima maji.

MASWALI

1. Kwa nini maji yanaweza kupinda konrodi, na hewa haiwezi?

2. Namba 109 ni inchi kati ya katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Inchi moja ni sentimita 2.54. Je, 109 ni sentimita ngapi? Chukua futi kamba upime Landrova iliyo karibu nawe. Ukipata kama sentimita 223, hiyo ni aina fupi. Itakuwa inchi ngapi?

3. Kikundi chenu kina fedha za kutengeneza vitu viwili tu kati ya hivi: chasisi, taa, breki, rangi. Mtachagua vipi? Jadilianeni darasani.