Kabla Hujamlipa Fundi: Kompyuta Yako Imewaka Kutoka Diski Ipi?

Tuseme unakaa Kalimoni na laptopu yako imezeeka hadi ukiiwasha asubuhi, chai inaiva kabla haijafunguka. Unaipeleka kwa fundi kule Juja, karibu na JKUAT, mnakubaliana akuwekee SSD ya GB 256 na diski ya zamani ibaki ndani kwa ajili ya picha na mafaili. Jioni anapiga simu: "Iko tayari, tuma tu pesa."

Ngoja kidogo. Pesa ya simu hufika kwa sekunde chache, lakini kuirudisha ni safari nyingine. Huduma ya kurudisha pesa ni ya mtu aliyekosea nambari, si ya kuamua ubishi kati yako na fundi.

Shida iko hapa. Mara nyingi fundi hunakili diski nzima ya zamani kwenye SSD. Akimaliza, zote mbili zina Windows ileile, mafaili yaleyale, hata picha ileile ya watoto kwenye skrini. Kompyuta inaweza kuendelea kuwaka kutoka ile ya zamani na usijue. Herufi C: nayo isikudanganye. Kwa kawaida Windows inayofanya kazi wakati huo hujiita C:, iwe imekaa kwenye SSD au kwenye diski ya mwaka 2014.

Kwa hivyo, ukiwa bado dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, ingia Performance. Upande wa kushoto utaona Disk 0 na Disk 1. Nambari hizo ni mpangilio tu, hazikuambii ipi ni mpya. Bonyeza ile yenye C: kisha usome aina yake, SSD au HDD. Juu kulia kuna jina la diski. Lilinganishe na lililo kwenye boksi la SSD uliyouziwa.

Imeandikwa SSD? Vizuri, lakini bado usitume. Windows yenyewe inaweza kuwa kwenye SSD huku ile programu ndogo inayoiamsha imebaki kwenye diski ya zamani. Leo itawaka sawa tu. Siku diski hiyo ikifa, au ukiitoa umpe ndugu yako, SSD yako nzima mzima haitawaka. Unaweza kuchungulia kwenye Disk Management: sehemu iliyoandikwa Boot ndiyo yenye Windows, na iliyoandikwa System au EFI System Partition ndiyo yenye programu ya kuamsha. (Ndiyo, majina yamekaa kinyume. Tumeyazoea hivyo.) Lakini diski zote mbili zikiwa na EFI, utabaki unakisia. Jaribio la uhakika ni moja: mwambie fundi azime mashine, atoe diski ya zamani, awashe tena. Ikilalamika kwamba hakuna diski ya kuwashia, kazi haijaisha. Ikiwaka, angalia jina linalotokea kwenye simu yako baada ya kuingiza nambari ya till, kisha lipa.

Wanaotumia Linux, na karibu na chuo wako wengi, waandike lsblk. Diski yenye alama ya / ndiyo mliyowakia.

Kwa mwenye duka kuna jambo lingine, na hili huja miezi baadaye. Betri ndogo inayotunza saa ya kompyuta ikiisha, mashine inaweza kusahau iwake kutoka wapi na kurudi kwa diski ya zamani. Unafungua daftari la mauzo Jumanne, unakuta hesabu zimeishia siku ile uliyoweka SSD. Watu huanza kumshuku mfanyakazi, au kudhani malipo ya till hayakuingia. Kabla ya kumgombeza mtu, angalia tarehe ya kompyuta. Ikiwa imerudi nyuma miaka, betri hiyo imeisha. Fungua Task Manager uone C: iko kwenye diski ipi. Kisha zima, washa ukibonyeza F9 kwa HP nyingi au F12 kwa Dell, uchague SSD. Mauzo yako utayakuta hukohuko. Kama uliandika chochote ukiwa kwenye diski ya zamani, kihamishe siku hiyohiyo, kisha mwombe fundi abadilishe betri.